Garsen: Mji tunaoupita bila kushuka

MELI za watalii zinapotia nanga katika bandari ya Kilindini, Mombasa, wageni huteremka makundi kwa makundi, kila kundi na kiongozi wake aliyeinua kibao. Hupelekwa Fort Jesus, huzungushwa Mji wa Kale, hununua vinyago na kanga, na kabla jua halijatua huwa wamekwisha kurudi melini. Lakini hakosekani mgeni mmoja au wawili wanaojitenga na kundi. Hao hutembea peke yao, mkoba begani na saa mkononi, wakijua vyema kwamba king'ora cha meli kikilia hakimngojei mtu.

Kwa miaka mingi nimewatazama wageni hao na kuwaonea wivu. Nilijiuliza, je, Mkenya hawezi kuitembelea nchi yake mwenyewe kwa namna hiyo? Basi safari iliyopita niliyokuwa nikienda Lamu niliamua kujaribu. Meli yangu ilikuwa basi, na bandari niliyoichagua ilikuwa Garsen.

Msomaji, ikiwa umewahi kusafiri kutoka Mombasa hadi Lamu, au kutoka Malindi hadi Hola na Garissa, bila shaka Garsen unaijua. Unaijua kwa dakika zile 15 ambazo dereva anawapa abiria kunyoosha miguu. Unanunua chupa ya maji na sambusa mbili, unatafuta msalani, unarudi kwenye kiti chako, na mji unabaki nyuma ukifunikwa na vumbi. Mimi nimepita hapo mara saba. Sikuwahi kuuona hata mto, nao mto ndio sababu ya mji wenyewe kuwepo.

Nilipomwarifu mama yangu kwamba ningeshuka Garsen na kushinda huko peke yangu, aliweka chini kikombe chake. "Una nani huko?" akaniuliza. Nilipomjibu kwamba sina mtu, aliguna tu. Guno la mama linaeleweka. Jina la Garsen likitajwa redioni, aghalabu ni kwa habari ya mafuriko, au ya ukame, au ya watu kuuana. Nani amewahi kusikia habari njema ikianza kwa jina hilo?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa ndani ya matatu ya kwanza kutoka Malindi. Tulipita Gongoni, ambako mashamba ya chumvi hung'aa meupe kando ya bahari, kisha vichaka vikatanda pande zote mbili, hapa na pale mikoma ikiwa imesimama na vichwa vyake vilivyogawanyika. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kizazi chetu hatuoni ajabu ya barabara ya lami, lakini katika miaka ya 1990 njia hii ilikuwa jinamizi. Majambazi wenye bunduki walivizia mabasi, na magari yalisafiri kwa msafara huku askari wenye silaha wakiwa ndani. Abiria alikuwa akiomba dua kuanzia Malindi hadi Mokowe.

"Dada, unashuka hapa kufanya nini?" makanga aliniuliza tulipofika saa mbili kasorobo.

"Kutembea," nikamjibu.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa samaki wamepanda mnazi. Kisha akawa mwema, akanieleza kwamba basi la mwisho la kwenda Lamu lingepita mnamo saa tisa alasiri. "Likikupita, utalala hapa," akasema. Hicho kikawa king'ora changu. Nilikuwa na saa saba.

Chai na maziwa

Safari yoyote ya maana huanzia kwenye chai. Niliingia katika mkahawa mmoja wa mabati karibu na kituo cha mabasi, nikaagiza chai, mahamri mawili na mbaazi za nazi. Chai iliyoletwa ilikuwa nzito, ina utando wa mafuta juu, na ladha yake ilinikumbusha chai ya nyumbani kwa nyanya enzi za utoto. Nilimsifu mwenye mkahawa, mama wa makamo mwenye leso kiunoni.

"Si mimi, ni maziwa," akasema. "Maziwa ya Waorma hayatiwi maji."

Kisha, akiwa anapangusa meza, akaongeza neno ambalo lilinifanya nisimamishe kikombe njiani. Alisema kwamba mwaka 2012, vita vilipozuka, jambo la kwanza alilolitambua halikuwa mlio wa bunduki. Ilikuwa ni chai. Asubuhi moja kina mama wa maziwa hawakuja. Siku ya pili hawakuja. Aliuza chai ya rangi kwa muda mrefu. "Hapa ukitaka kujua kama kuna amani usiulize polisi," akaniambia. "Tazama rangi ya chai."

Nilitoka nikaenda sokoni kuitafuta hiyo amani kwa macho yangu. Soko la Garsen si kubwa. Kina mama Wapokomo walikuwa wameketi chini, mbele yao mafungu ya maembe, ndizi, mihogo na mahindi mabichi. Palikuwa na kambare waliokaushwa kwa moshi, weusi kama makaa, harufu yao ikifika mbali. Pembeni, chini ya kivuli cha mwarubaini, walikuwapo wanawake wa Kiorma waliojitanda mitandio ya rangi kali, na mbele yao madumu ya plastiki ya manjano yaliyojaa maziwa. Zamani maziwa hayo yalibebwa kwa vibuyu vilivyofukizwa moshi.

Katika mpaka wa makundi hayo mawili waliketi wanawake wawili kiasi cha mkono mmoja kati yao, mmoja wa maembe na mwingine wa maziwa. Mteja wa maziwa alipokosa chenji, muuza maembe ndiye aliyetoa sarafu kutoka kwenye pindo la leso lake. Nilinunua kwa wote wawili. Nilichuchumaa hapo, tukazungumza habari za mvua na bei ya vitu, kwa Kiswahili ambacho kila mmoja wao alikinyoosha kwa lafudhi yake.

Hatimaye nikauliza swali ambalo mwandishi hawezi kujizuia kuuliza. Je, wakati ule wa vita walikuwa wapi?

Kimya. Muuza maziwa alifunika dumu lake ingawa lilikuwa limefunikwa tayari. Muuza maembe ndiye aliyejibu, bila hasira. "Mwanangu, hapa hatuulizani ya jana. Tunauziana."

Niliona haya. Nikabadilisha mazungumzo.

Mto mmoja, njia mbili

Kwa faida ya vijana walio shuleni, inafaa nieleze kisa chenyewe, kwani magazeti wakati ule yalikieleza kwa maneno mawili tu: vita vya kikabila. Ukweli una kina zaidi.

Wapokomo ni wakulima. Tangu jadi wameishi ukingoni mwa mto, kwa sababu mto ukifurika na kurudi nyuma huacha tope lenye rutuba, na katika tope hilo wao hupanda mpunga, mahindi na migomba. Waorma na Wawardei ni wafugaji. Ng'ombe wao hula majani ya bara wakati wa mvua. Kiangazi kikikaza, majani hukauka, mabwawa hukauka, na hapo ng'ombe hana pengine pa kwenda isipokuwa mtoni. Njia zinazoiruhusu mifugo kufika majini huitwa malka.

Malka ikiwa wazi, ng'ombe hunywa maji na kurudi alikotoka. Malka ikilimwa, ng'ombe hupita juu ya mahindi. Mkulima hupandwa na hasira, mfugaji naye husema hawezi kuona mali yake ikifa kwa kiu huku mto ukionekana. Kwa vizazi vingi ugomvi wa aina hiyo ulikuwa ukiamuliwa na wazee, wakiwemo wale wa Gasa, baraza la jadi la Wapokomo. Lakini watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, ardhi haijaongezeka, na bunduki zimeingia mahali pa fimbo. Damu ilimwagika mwaka 2001. Ikamwagika tena, na vibaya zaidi, mwaka 2012.

Alfajiri ya Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa kilivamiwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Vilifuata visasi na visasi vya visasi, Kilelengwani, Kipao na kwingineko, hadi Januari 2013. Waliokufa walizidi 100. Nyumba ziliteketezwa, maelfu wakakimbia. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Hayo yote yalitokea mwendo mfupi tu kutoka pale nilipokuwa nimechuchumaa na embe mkononi.

Ndiyo maana sarafu ile iliyotoka katika leso la mmoja ikaingia katika kiganja cha mwingine haikuwa chenji tu. Nimeikumbuka mara nyingi kuliko majengo yote niliyowahi kutembezwa.

Ukingoni

Saa nne nilikodi bodaboda inipeleke mtoni. Kijana aliyeniendesha alikuwa mcheshi na alipenda kutumia breki dakika ya mwisho. Tulipita nyumba za makuti na za mabati, tukakutana na kundi la ng'ombe weupe wenye nundu kubwa, tukawangoja wapite. Kisha miti ikawa mirefu, hewa ikapoa ghafla, na Mto Tana ukawa mbele yangu.

Sijui nilitarajia nini. Maji yenyewe ni ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, na yanakwenda kwa kasi kuliko yanavyoonekana. Kipande cha mti kilipita mbele yangu kikizunguka polepole, nikakifuata kwa macho hadi kikapotea kwenye kona.

Nilisimama hapo nikafanya hesabu ambayo ningependa kila mtoto wa Nairobi aifanye. Huu ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Hupata maji yake kutoka Milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, huzunguka kaskazini na mashariki, hupita Garissa na Hola, na kumwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Kipini. Huko juu umefungwa kwa mabwawa yanayozalisha umeme: Kindaruma lililoanza mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga la mwaka 1981, na Kiambere la 1988. Bwawa la Ndakaini, ambalo huipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, liko katika Mto Thika, nao Mto Thika ni kijito cha Tana. Kwa hiyo, ewe mkazi wa Buruburu au Umoja, asubuhi unapowasha taa na kufungua mfereji, huenda unatumia mto huu kabla haujafika kwa wenyeji wa Garsen.

Chini ya mwembe alikuwa ameketi mzee mmoja akishona wavu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba na kunionyesha gogo niketi. Aliposikia kwamba nimekuja kuutazama mto tu, hakushangaa hata kidogo. "Ni jambo jema," akasema. "Mto unataka kutazamwa. Usipoutazama unakuja wenyewe kukutazama nyumbani."

Mzee huyo alikumbuka siku ambazo hapakuwa na daraja. Magari ya kwenda Lamu yalivushwa kwa kivuko kilichovutwa kwa mikono, wanaume wakishika kamba na kuimba, gari moja baada ya jingine. Mto ukijaa, kivuko kilisimama, na abiria walilala ukingoni siku mbili au tatu, wakipikiwa na wenyeji. "Wakati ule watu wa Lamu na Mombasa walitujua kwa majina," akasema. "Sasa tunaona vioo vya mabasi."

Nilimuuliza kuhusu mafuriko. Alihesabu kwa vidole kama mtu anayehesabu watoto wake. Alikuwa mtoto mwaka 1961. Ikaja El Nino ya 1997 na 1998, iliyosomba barabara na kuuharibu mradi mkubwa wa mpunga wa shirika la serikali la TARDA. Ikaja 2018. Ikaja Novemba 2023, barabara ya Lamu ikakatika na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Zamani mto ulifurika kila mwaka kidogo kidogo, nao wakulima waliungoja kama mgeni aliyetoa taarifa. Tangu mabwawa yajengwe, miaka mingine hauji kabisa, mashamba yakakauka. Na miaka mingine mabwawa yanajaa, maji yanamwagika, na mto unafika wote kwa pamoja, na watu wanahamia kwenye miinuko wakiishi chini ya turubai.

"Faida iko juu, hasara iko chini," akasema, akaukata uzi kwa meno.

Wimbo wa kulaza

Mjukuu wake, kijana wa miaka kama 20, alikubali kunichukua kwa mtumbwi. Ni gogo moja lililochongwa likawa wazi ndani. Yeye alisimama nyuma na upondo mrefu, mimi nikaketi katikati nimeshika kingo zote mbili kana kwamba kuzishika kungenisaidia. Alinionya nisitie mkono majini. Sikuuliza kwa nini. Muda mfupi baadaye tulipita mahali ambapo mamba mmoja alikuwa amelala juu ya mchanga, mdomo wazi, nikaelewa.

Ndege walikuwa wengi mno. Yangeyange weupe walipanga safu juu ya miti, mnandi weusi walianika mabawa, na korongo mmoja alisimama kwenye maji machache bila kujali kwamba tulikuwa tukipita karibu naye. Sehemu hii ya chini ya Tana, yenye mabwawa, nyika na misitu, iliwekwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye umuhimu wa kimataifa. Ina zaidi ya hekta 160,000. Fikiria, msomaji: mwaka ule ule ambao dunia iliutambua uzuri wake ndio mwaka ambao watu wake waliuana.

Tulishukia katika kijiji kidogo cha Wapokomo ng'ambo ya pili. Sikuona hata nguzo moja ya umeme. Kwenye paa la nyumba moja palikuwa na kipande cha sola chenye ukubwa wa daftari. Kijana alinipeleka kwa bibi yake, ajuza mwembamba aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na kitukuu mapajani. Nilipewa maji, nikapewa ndizi mbivu, nikaulizwa habari za nyumbani kabla ya kuulizwa shida yangu.

Shida yangu ilikuwa moja, nami nilikuwa nimeibeba tangu Malindi. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, jopo la wanamuziki watano lilipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Badala ya kutunga sauti mpya au kuiga ya Ulaya, walichukua sauti ya wimbo ambao akina mama Wapokomo huwaimbia watoto ili walale. Sauti hiyo ndiyo iliyoimbwa bendera ya Kenya ilipopandishwa Desemba 12, 1963. Ndiyo tunayoiimba shuleni, uwanjani, na mwanariadha wetu anaposimama jukwaani na medali ya dhahabu shingoni.

Nilimwomba bibi aniimbie. Alicheka, akafunika mdomo, akasema sauti yake imeisha. Mtoto naye hakuwa na usingizi, alikuwa akivuta shanga za mkono wake. Lakini baada ya muda, kijana alipokuwa akinisimulia habari za viboko, bibi akaanza kumbembeleza mtoto kwa sauti ya chini, akitikisa goti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa muda huo, na bado ulinikuta sijajiandaa. Ni ule ule. Ni wa polepole zaidi, na hauna ngoma wala tarumbeta, lakini ni ule ule. Na mimi, kwa mazoea ya miaka minane ya gwaride la shule ya msingi, nikajikuta nimesimama wima, mikono ubavuni, ndizi iliyobaki nimeishika mkononi.

Bibi alinitazama kwa mshangao, kisha akaangua kicheko hadi mtoto naye akacheka. "Keti, mwanangu, keti!" akasema. "Huu ni wimbo wa kulaza watu. Nyinyi mmeufanya wa kusimamisha watu."

Tulicheka sote. Nilipoketi aliniuliza, sasa kwa uso wa dhati, "Na huko Nairobi, watoto wakiuimba, wanajua kuwa ni wetu?"

Msomaji, nilijua jibu. Mimi mwenyewe niliuimba utotoni mwangu wote bila kujua ulikotoka, na nilikuja kusoma habari zake nikiwa mtu mzima tayari. Nilimtazama bibi yule, na mtoto, na paa lile lenye sola ya ukubwa wa daftari.

"Wanajua," nikamjibu.

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi ni vyema," akasema.

King'ora

Saa iliniponyoka. Tulipovuka kurudi ilikuwa imetimu saa nane na nusu, na mto uliotushusha kwa wepesi sasa ulikuwa ukitusukuma nyuma. Kijana alipiga upondo hadi jasho likamtiririka. Mzee alikuwa bado chini ya mwembe. Alinipungia mkono bila kuinuka, kama mtu aliyekwisha kuona wengi wakikimbilia magari.

Bodaboda ilinifikisha steji saa tisa na dakika tano. Basi la Lamu lilikuwa limewasha injini. Mama wa mkahawa aliniona, akakimbia na mfuko wa mahamri ambayo sikuwa nimeyaagiza, akanitupia dirishani. Nilipotoa pesa alikataa kwa mkono. "Utalipa ukirudi," akasema.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa msichana mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akisafiri kutoka Mombasa. Alinitazama viatu vyangu vilivyojaa tope.

"Kwani Garsen kuna nini?" akaniuliza.

Nilimpa embe moja. Basi lilishika njia ya Lamu, na tulipofika darajani nilimwomba afungue pazia atazame. Alitazama. Mto ulipita chini yetu kwa sekunde chache, kisha vichaka vikarudi. Nikaanza kumsimulia, na hatukunyamaza hadi Witu.

Kwa wazazi wanaopanga safari za likizo, na kwa wanafunzi ambao hutumia siku nzima barabarani kuelekea Lamu, nina ushauri huu mdogo. Siku moja shukeni Garsen. Kabla ya kwenda ulizeni hali ya usalama na ya mto, kwani vyote viwili hubadilika. Bebeni maji na kofia, maana jua la huko halina mzaha. Msiingie mtumbwini bila mwenyeji anayeujua mto. Msipige watu picha kabla ya kuomba ruhusa. Nunueni maembe kwa huyu na maziwa kwa yule. Hamtaona ngome wala makumbusho. Mtaona mahali ambapo maji yenu yanaishia, na mtakutana na watu wanaojifunza upya kuketi pamoja, jambo ambalo si rahisi, na ambalo taifa zima bado linajifunza.

Na ninyi watoto, Jumatatu mkisimama gwarideni na bendera ikipanda, mkumbukeni bibi mmoja mwembamba aliyeketi mkekani ng'ambo ya Mto Tana, akimtikisa kitukuu kwenye goti. Wimbo huo ni wao kabla haujawa wetu.

Nilimdanganya bibi yule nilipomwambia kwamba mnajua. Sasa mmeambiwa. Nikirudi Garsen kulipa deni la mahamri, nitavuka kwenda kumsalimu, na nitaweza kumtazama usoni.